Faranga Hamsini kwa Moja

Wenzangu mnaobaki kwenye dawati la viwango vya kale,

Nimerudisha ufunguo. Mama Nzigire ameniita "mstaafu" mbele ya ofisi nzima, na kwa kuwa sina umri wa kustaafu wala mafao ya kustaafia, nimeona njia pekee ya kukistahili cheo hicho ni kufanya wanachofanya wastaafu: kukaa chini na kuandika. Sitaandika habari za mshahara, kwani ulikuwa mfupi kuliko maelezo yake. Wala sitaandika habari za kupandishwa cheo, kwa sababu dawati letu lina vyeo viwili tu, anayesoma na anayeitikia, na vyote viwili nilivishika kwa zamu tangu wiki ya kwanza. Nitaandika namna kazi inavyofanyika, kwa kuwa wengi wenu mliingia wakati ofisi imefungwa na mkafundishwa kwa simu. Nitaandika pia kisa kimoja ambacho jalada lake mtalikuta na mstari mmoja usio na alama. Ningependa mjue sababu kabla mtu mwangalifu kama mimi hajaurekebisha.

Nilikuja Sydney kutoka Tanga mwaka 2019, kusoma shahada ya uzamivu katika historia ya uchumi. Fedha ya kujikimu haikutosha kodi ya chumba Guildford, magharibi ya jiji, na rafiki mmoja msikitini akanielekeza kwenye ofisi ndogo Parramatta, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kazi yake, aliniambia, ilikuwa kuwajibu watu swali moja: kiasi fulani cha fedha ya nchi fulani, siku fulani ya zamani, kilikuwa sawa na nini? Wanaouliza ni mawakili wa mirathi, wastaafu waliofanya kazi katika nchi tatu, wanandoa wanaoachana, na mara nyingine watu ambao wanataka tu kushinda ubishi. Wa mwisho hawa hulipa haraka kuliko wote.

Mama Nzigire, Mkongo wa Bukavu aliyeishi Abidjan miaka mingi kabla ya kufika huku, alinifanyia usaili akiwa amesimama, anakunja nakala za vitambulisho vya wateja na kuzitia ndani ya bahasha.

"Unasoma nini kule université?"

"Kiwango cha kubadilishana baina ya faranga ya Ufaransa na faranga ya CFA ya Afrika Magharibi, mama. Kuanzia 1948 hadi 1994."

"Na mwanzo ilikuwa ngapi?"

"Hamsini kwa moja. Ukihesabu kwa faranga mpya ya Ufaransa, maana ile ya zamani iliondolewa sifuri mbili mwaka 1960, kwa hiyo kabla ya hapo kimaandishi ilikuwa—"

"Na mwisho?"

"Hamsini kwa moja. Mpaka Januari 1994, ndipo ikawa mia moja kwa moja."

Alisimamisha bahasha hewani. "Bon. Donc miaka makumi ine na kitu, wewe unaandika kitabu juu ya namba moja?"

Nilianza kueleza kwamba kutobadilika nako ni tukio linalohitaji kuelezwa. Aliniajiri katikati ya sentensi, nadhani kwa huruma.

Siku ya kwanza nilipewa rula. Sikupewa kompyuta, nenosiri wala kiti kizuri. Nilipewa rula ya plastiki na karatasi yenye safu za namba. Mnajua sasa inavyofanyika, lakini wakati ule nilidhani natahiniwa utii. Msomaji huweka rula chini ya mstari na kusoma kwa sauti. Mwitikiaji, ambaye hana karatasi, hurudia alichosikia. Msomaji husikiliza kama kilichorudi ndicho kilichotoka, kisha hutia alama. Mkimaliza mnabadilishana. Husomwa kwa Kiswahili, hata kama taarifa itaandikwa kwa Kiingereza, na sababu yake ni ya kikazi kabisa: Wakongo huita sabini na tisini kwa Kifaransa cha Ubelgiji, watu wa Abidjan huziita kwa Kifaransa cha Ufaransa, na Kiingereza cha hapa, kwa masikio yangu ya mwezi wa kwanza, kilimeza nusu ya kila namba. Sabini ya Kiswahili ni sabini Bukavu, ni sabini Tanga, ni sabini Parramatta.

Taarifa yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika namba na siku, nikaziandika vizuri, hadi nukta ya desimali ya nne. Mama Nzigire alikuwa ameandika pembeni: "Mlango uko wapi?"

"Mlango gani, mama?"

"Kiwango ni vitu tatu, Zuhura. Namba, siku, mlango. Namba ni ngapi. Siku ni lini. Mlango ni wapi na kwa namna gani mutu aliipata. Alikuwa na noti mkononi? Alikuwa na hundi? Banque ilitumia banque ingine? Kila mlango na namba yake. Usimwambie mutu bei ya kitu bila kumwambia duka."

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni niliona ni desturi ya watu wa madirishani, isiyomhusu sana mtu anayechunguza namba iliyotulia kwa zaidi ya miongo minne. Namba yangu mimi ilikuwa ileile katika kila mlango. Ndivyo nilivyoamini, na ndivyo nilivyoandika katika sura mbili za tasnifu. Wiki hiyohiyo nilitumia siku tatu kujiuliza kama tarehe mosi Januari, benki zikiwa zimefungwa, inaweza kuwa na kiwango au inaazima tu cha siku iliyotangulia. Mama Nzigire alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Acha feza nayo ipumzike sikukuu," akaniletea chai.

Mwaka 2020 ofisi ilifungwa, kama kila kitu. Kila mmoja alikwenda nyumbani na rula yake. Chuo kilipunguza wafanyakazi, na msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Aliniarifu kwa ujumbe wa upole sana, uliokuwa na viambatisho vyote nilivyohitaji isipokuwa msimamizi mwingine. Nilitetereka. Nasema neno hilo kwa kipimo chake: sikulia sana, sikuugua, lakini nilipofungua sura ya tatu herufi zilikuwa kama za mtu mwingine. Nikaifunga. Kila siku nilikusudia kuifungua kesho yake, nikachambua kwa undani sababu za kutoifungua, na uchambuzi huo ulikuwa bora kuliko sura yenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kusomeana. Asubuhi Mama Nzigire alinipigia kutoka kwake, bila salamu ndefu: "Uko na rula?" Tukasoma. Wateja nao tuliwasomea kwa simu kabla ya kutia saini, na hapo ndipo ilipokomaa ile kanuni ambayo baadhi yenu mmeilalamikia: taarifa inayogusa watu wawili husomwa kwa wote wawili kwa pamoja, na kila mmoja aitikie. Mama Nzigire hakuitunga kwa ajili ya upatanisho, aliitunga kwa sababu alichoka kupigiwa simu na wa pili akidai kwamba wa kwanza amesomewa namba nyingine.

Furaha alitupigia majira ya baridi ya 2021, tulipokuwa tumefungiwa kwa ukali zaidi huku magharibi kuliko wenzetu wa pwani, helikopta ya polisi ikizunguka juu ya Guildford kana kwamba virusi vinaonekana kutoka angani. Alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee, na alipiga akiwa ndani ya gari lake wakati wa mapumziko, barakoa ikiwa shingoni. Kama vijana wengi waliokulia hapa, alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Maneno ya nyumbani tu ndiyo aliyoyaacha yalivyo. Nitayatia maelezo yake katika mpangilio, kwani yeye aliyatoa kwa kuruka.

Alikuwa amechumbiwa na kijana Mkenya wa Ingleburn, fundi umeme aitwaye Mutua. Ndugu wa Mutua walitaka kuja kuuliza rasmi, yaani kuposa, kwa mkutano wa video kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine. Kwao Furaha, Bukavu, baba wa binti hawajibu waulizaji. Anayejibu ni mdogo wake, baba mdogo wa binti. Furaha alikuwa na baba mdogo mmoja tu duniani, Bisimwa, muuza vipuri Abidjan, na baba yake, Mzee Safari wa St Marys hukuhuku Sydney, hakuwa amezungumza na Bisimwa tangu 1993.

"Hakuna mtu mwingine wa kushika nafasi yake?" nilimuuliza.

Hapo alijibu kwa Kiswahili. "Sitaki baba mdogo wa kuazima."

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Mwaka 1993 Mzee Safari alikuwa kijana Lyon, Ufaransa, ana nafasi ya kusomea umeme wa viwandani, na alihitaji fedha ya kujiandikisha. Bisimwa alimtumia noti za CFA kutoka Abidjan kwa mkono wa msafiri. Mzee akazipeleka benki. Ubao ulikuwa umeandika kiwango, hamsini kwa moja kama kawaida, lakini karani alizikataa noti mbele ya watu. Mzee akaamua kwamba mdogo wake amemtumia noti bandia. Nafasi ya masomo ikapotea, na maisha yakamzungusha hadi kwenye maghala ya Ingleburn, ambako alipakia na kupakua mpaka mgongo ukakataa.

Furaha alimbembeleza wiki nzima, na mwisho akapewa sharti. Mzee Safari alisema: twende kwa watu wa kazi. Wakisema siku ile kiwango hakikuwa hamsini, basi karani alikuwa na sababu, mimi nilikosa kuelewa, nitampigia. Wakisema kilikuwa hamsini, noti zilikuwa mbaya, na jina la Bisimwa lisitajwe tena kwangu.

"Kwa hiyo," Furaha akaniuliza, "kilikuwa hamsini?"

Sikuhitaji kufungua jalada lolote. Pengine hapakuwa na mtu mwingine Sydney nzima aliyeijua namba hiyo kama mimi. Nilikuwa nimeitetea mbele ya jopo. Nilimwambia nitampigia, nikakata simu, nikakaa sakafuni kati ya kitanda na dirisha.

Nilipima njia zote. Kukataa kazi: lakini angeipata namba hiyo popote mtandaoni kwa kubofya mara mbili. Kuandika kwa maneno ya kukwepa: lakini mzee aliyesubiri tangu 1993 hakwepeki. Kudanganya sikukupima, nakutaja kwa ajili ya ukamilifu tu. Kadiri nilivyofikiri ndivyo namba ilivyozidi kuwa kweli, na kadiri ilivyozidi kuwa kweli ndivyo baba mdogo wa Furaha alivyozidi kupotea. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, nilifanya linalofanywa kila siku. Nilichukua karatasi ya taarifa, nikajaza namba, nikajaza siku, nikafika kwenye safu ya tatu. Mlango. Sikuwa najua. Nilikuwa na habari ya ubao na karani, sikuwa na habari ya kilichokuwa mkononi mwa mtu na desturi ya dirisha lile. Nikampigia Mzee Safari.

"Shikamoo, mzee."

"Ah, Watanzania na shikamoo yenu. Marahaba, mwanangu. Ni wewe wa viwango?"

"Ni mimi. Nina maswali kuhusu siku ile ya benki."

"Uliza. Hakuna kitu nimesahau."

"Ubao uliandika hamsini?"

"Hamsini. Niliona na macho yangu haya mbili."

"Na wewe ulikuwa umebeba nini?"

"Feza, nilikuwa nabeba nini, mihogo?"

"Feza ya namna gani, mzee? Hundi? Barua ya benki?"

"Noti. Ndani ya bahasha. Mama mmoja wa kuuza vitambaa alitoka Abidjan nazo, alifika kwangu Jumapili. Kesho yake asubuhi nikavaa shati nzuri, nikaenda banque."

"Mwezi gani?"

"Wa nane, mwanzo kabisa. Siku za kujiandikisha zilikuwa zinaisha."

Kalamu yangu ilisimama. "Karani alisema nini hasa?"

"Alisema non, monsieur. Akasukuma noti zangu kwa kidole, hivi, kama kitu kichafu. Nyuma yangu kuna foleni, mlinzi ananiangalia. Sasa wewe umesoma, niambie: ubao inasema hamsini, karani anasema non. Kibaya ni nini hapo? Si ni noti?"

Hoja yake ilikuwa imenyooka, na ndilo kosa ambalo watu wa fani yetu hulifanya wakiwa wamekaa vizuri mezani: kuona namba imesimama pale pale na kuhitimisha kwamba fedha bado inatembea.

"Watu wengine hawakukwambia kitu, mzee? Baadaye?"

"Walisema banque zinasumbua noti. Watu wanasema mengi. Mimi niliona ubao. Siku ileile nilimpigia Bisimwa. Nilimwita jina mbaya. Naye akaniita jina mbaya kuliko yangu. Voilà. Sasa niambie, ilikuwa hamsini ao haikuwa?"

"Siruhusiwi kusema kabla ya kusoma, mzee. Na taarifa hii inagusa watu wawili. Itasomwa kwa wote wawili."

"Sisemi na ule mutu."

"Hutasema naye. Utaitikia namba tu."

"Namba tu?"

"Namba tu."

"Akiongeza neno, nakata."

"Nitakata kabla yako."

Baada ya simu hiyo nilifungua sura ya tatu, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima na zaidi. Nilijua ninachokitafuta, na nilijua nilikitupa wapi. Kilikuwa chini ya ukurasa, katika tanbihi yenye maandishi madogo: mwanzoni mwa Agosti 1993 benki kuu ya nchi za Afrika Magharibi zinazotumia CFA iliacha kununua tena noti zake zilizokuwa nje ya eneo lake. Benki ya Lyon iliyopokea noti hizo ingebaki na karatasi ambazo isingeweza kuzirudisha zilikotoka. Fedha iliyotumwa kutoka benki hadi benki iliendelea kupita, kwa hamsini ileile, na ubao ukaendelea kusema kweli kuhusu mlango huo. Nililiweka jambo hilo katika tanbihi kwa sababu lilivuruga uzuri wa mstari wangu ulionyooka. Mstari wangu ulikuwa umepita juu ya kichwa cha kijana aliyevaa shati zuri.

Tulipiga simu hiyo jioni ya hapa, asubuhi ya Abidjan. Mama Nzigire alikaa kwenye laini kama shahidi. Furaha alikuwa kazini. Alisema hawezi kusikiliza. Mzee Safari aliingia akiwa anakohoa kwa makusudi. Kisha ikaingia sauti nyingine, yenye kelele za soko nyuma yake, ikasema "Alo."

Nilieleza utaratibu. Nitasoma, Mzee Safari ataitikia kwanza kwa ukubwa, halafu Bisimwa. Hakuna maneno mengine. Nikaweka rula.

"Mstari wa kwanza. Ijumaa ya mwisho ya Julai 1993. Namba, hamsini. Mlango, dirisha la benki, noti. Inapatikana."

"Ijumaa ya mwisho ya Julai. Hamsini. Dirisha, noti. Inapatikana," alisema Mzee Safari, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo.

"Ijumaa ya mwisho ya Julai," ikasema sauti ya Abidjan, polepole. "Hamsini. Dirisha, noti. Inapatikana."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza kusikilizana baada ya miaka ishirini na minane. Nilitia alama. Alama ile, mkiitazama, imepinda.

"Mstari wa pili. Jumatatu, mwanzo wa Agosti 1993. Namba, hamsini. Mlango, benki hadi benki. Inapatikana."

Wakaitikia. Mzee Safari aliitamka hamsini kwa uzito, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Mstari wa tatu. Siku hiyohiyo. Namba, hamsini. Mlango, dirisha la benki nje ya eneo la CFA, noti. Haipatikani."

"Siku hiyohiyo. Hamsini. Dirisha, noti..." Akasita. "Soma tena."

Nilisoma tena, kwa mwendo uleule. Hakuitikia. Kanuni yetu ni kwamba mstari usioitikiwa hauvukwi, basi nami nikangoja, rula ikiwa mahali pake. Nilisikia pikipiki inapita Abidjan. Nilisikia friji ya mtu.

"Yaya, itikia," ikasema sauti ya Abidjan, kwa neno la kwao la kumwita kaka mkubwa. "Mtoto wa watu anangoja."

Nilipaswa kukata. Nilikuwa nimeahidi. Sikukata, na Mzee Safari naye hakukata.

"Haipatikani," alisema hatimaye. "Kwa nini haipatikani?"

Nilimweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Alinikatiza mara moja tu.

"Noti zilikuwa nzuri?"

"Kukataliwa kwake hakuonyeshi ubaya wowote, mzee. Siku hiyo dirisha lingekataa hata noti iliyotoka kiwandani. Kilichofungwa ni mlango."

"Na mutu aliyetuma Ijumaa, aliweza kujua?"

"Katika kumbukumbu zote nilizosoma, sijaona popote kwamba mtu wa kawaida alitangaziwa mapema."

Kisha Mzee Safari akasema, bila cheo wala salamu, "Bisimwa. Ile feza ulitoa wapi?"

"Walisema namba tu, yaya."

"Wacha namba. Ulitoa wapi?"

"Niliuza pikipiki."

"Ile nyekundu?"

"Nilikuwa na ingine?"

Nilisikia Mzee Safari akivuta kiti. "Na ulienda kazi na nini?"

"Na miguu, yaya, na nini? Nilikonda vizuri. Wanawake wa mtaa walinisifu sana."

Kitu kilichotoka upande wa St Marys sikujua kama ni kicheko au kikohozi. Mama Nzigire alinong'ona, "Zuhura, toka polepole." Msomaji ndiye hufunga simu, ndivyo nilivyofundishwa na yeye mwenyewe. Sikuifunga. Tulitoka sote wawili na kuwaachia laini ya ofisi, ambayo kesho yake Mama Nzigire aliilalamikia bili yake kwa furaha isiyo ya kawaida. Mstari wa nne, ule wa Januari 1994 na mia moja kwa moja, haukusomwa. Ndiyo maana hauna alama. Uacheni hivyo.

Majira ya kuchipua nilimwandikia mhadhiri wa idara nyingine, nisiyemjua, nikamweleza kwamba nina tanbihi inayotaka kuwa tasnifu. Nilirekebisha barua hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili barua ya aya tatu. Alijibu kwamba sura mbili za kwanza ni safi mno na anatamani kusoma kuhusu watu waliosimama dirishani. Ninaondoka dawatini kwenda kuwaandika. Inanitisha, lakini siku hizi jalada nalifungua asubuhi, na herufi ni zangu.

Nawaachia rula yangu na ushauri mmoja wa kazi: safu ya tatu isipojazika, pigeni simu, na ulizeni mtu alikuwa na nini mkononi. Wateja huchukulia kwamba tunajua.

Ndugu wa Mutua walikuja kuuliza Oktoba, kwa mkutano wa video. Furaha alinialika mimi na Mama Nzigire; alisema tumeshakuwa wa nyumbani kwa lazima. Mzee Safari alikaa sebuleni kwake akiwa na suti, Furaha nyuma yake. Bisimwa alikuwa katika duka lake la vipuri, shati jeupe, mafeni ya radieta yakiwa yametundikwa ukutani kama maua. Msemaji wa upande wa Mutua alikuwa shangazi yake kutoka Ingleburn, mwanamke mchangamfu aliyejifunga kilemba kikubwa.

"Sisi tumekuja na swali moja tu," alisema. "Na tumevaa vizuri, angalau juu. Chini msituulize, hii ni lockdown."

Watu wakacheka. Akauliza swali lake kwa adabu zote, akamaliza, "Sasa nani anatujibu?"

Mzee Safari alinyoosha mkono kuelekea kwenye kioo, kwenye kile kijisanduku cha Abidjan. Bisimwa akasimama, kichwa chake kikatoka nje ya picha, akainama ili aonekane.

"Huyu binti sikumbeba mgongoni," alisema. "Picha zake niliziona kwa simu ya watu. Lakini ni wetu, mimi na yaya. Amesema anamtaka huyu kijana. Basi mimi nasema ndiyo, mchukueni vizuri. Kama nakosea, yaya yuko hapo, atanirekebisha."

Akakaa. Sote tukamgeukia Mzee Safari. Alikuwa ameegemeza mikono yote miwili mezani.

"Haukosei, Bisimwa," alisema. "Na siku ile haukukosea."

Furaha alifunika uso kwa viganja. Shangazi wa Ingleburn alitazama huku na huku, kilemba kikiyumba.

"Siku ile gani tena?"

"Ile ni ya kwetu, mama," akamjibu Bisimwa. "Endelea."